Seva Iliyogoma Kuwaka Jumatatu

Chumba cha Kompyuta,
Hospitalini,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama anataka kujua kama baridi ya huko imepungua, na kama ile sweta imekutosha. Sisi hatujambo, isipokuwa mafua ya kupokezana: mmoja akipona, mwingine anadaka.

Mjomba, juma hili nilipata msukosuko. Jumatatu asubuhi nilikuta foleni ya wagonjwa imefika mlangoni na karani wa mapokezi ameshika tama. Seva, ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa wote, imegoma kuwaka. Feni zinazunguka, skrini nyeusi, na mlio mara tatu, kimya, mara tatu tena.

Wodini kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa afanyiwe upasuaji saa sita. Aliwahi kudhurika na dawa ya usingizi, na jina la dawa hiyo limo kwenye faili lake. Mwenyewe halikumbuki. Daktari wa upasuaji alikuja akasimama mlangoni.

“Binti, bila lile faili simgusi. Na kusubiri sana hawezi.”

Nilianza na umeme. Nikabadilisha waya, kisha pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Mlio uleule. Nikachomoa diski zote kwa uangalifu, maana mafaili yote yamo humo. Mlio uleule. Hapo nikapumua kidogo: kama tatizo si diski, mafaili yako salama.

Ndipo nikakumbuka. Jumapili alasiri, siku moja kabla, niliongeza kadi mbili za memori ili seva iende haraka. Niliona taa zimewaka, nikafunga mlango, nikakimbilia harusi. Sikungoja hata kutazama skrini.

Nikatoa kadi zote za memori, nikawa narudisha moja moja na kuwasha kila mara. Nne zikapita vizuri. Ya tano, mojawapo ya zile mpya, mlio ukarudi. Nikaitupa kando pamoja na mwenzake, nikarudisha diski kila moja mahali pake, nikawasha. Skrini ikajaa maandishi. Karani alipiga makofi peke yake. Saa tano na nusu daktari alikuwa na jina la dawa mkononi.

Mkuu wangu akauliza nini kilikuwa kimeharibika. Ningesema mashine imezeeka, wote wangeitikia. Nami bado niko kwenye miezi ya majaribio.

“Ni mimi, mzee. Niliweka kadi mbovu na sikuijaribu, nikakimbilia harusi.”

“Andika yote uliyofanya tangu Jumapili,” akasema. “Na harusi uitaje.”

Niliandika kurasa mbili. Ijumaa alizisoma, akazibandika ukutani kwenye chumba cha seva, kisha akanipa ufunguo wa akiba wa chumba hicho. Mambo ya majaribio hakuyataja, nami sikuuliza. Yule mama ameshaanza kutembea wodini, taratibu, akishika ukuta.

Mama anakusalimu sana. Kitindamimba wetu anadai viatu ulivyomwahidi, na bibi anasema upige simu asubuhi, kwani jioni masikio yake yameshachoka. Nisalimie mkeo na wale mapacha.

Mola akupe mgongo wa kijana, akulinde kazini na njiani.

Mpwa wako akupendaye,
Bisibisi