Jibu Nililompa Dada wa Takwimu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila usinihurumie sana maana kulia nimeshalia. Mimi ni Jeska wa Butiama, nimeolewa nyumba ntobhu, yaani aliyenitolea ng'ombe ni mwanamke, Mama Boke, mjane asiyejaliwa mtoto wa kiume, na watoto ninaozaa ni wa boma lake, wanaume anawachaguaga yeye, na mpaka sasa nimezaa wasichana wanne, na huyu wa mwisho nilitokwa damu mpaka wakanipakia kwenye lori la pamba kunipeleka Musoma, na siku hizi hospitali glavu tunanunua wenyewe, nikapona kwa neema ya Mungu tu. Sasa wiki iliyopita alikuja dada wa takwimu, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza mambo ya uzazi na afya ya watoto, akauliza chanjo, akauliza kuharisha, halafu akasema, "Wewe mwenyewe ungependa kuzaa wengine wangapi?" Mshauri, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, hata kwetu, nikajibu, "Sitaki hata mmoja!" kumbe Mama Boke yuko nyuma ya ukuta anapepeta mtama, weee, akatupa ungo, akaja juu, "Nilikuleta hapa uzae au uhojiwe?" Anasema nimfuate yule dada Bunda nikalifute jibu langu, la sivyo nirudi kwetu na watoto niwaache, na mimi silifuti, ni la kweli, na wanangu siwaachi, nifanyeje?

Jeska, pole, na hongera. Usilifute. Tumbo lililoulizwa ni lako.

Lakini wewe nawe! Ukweli unampa mgeni, Mama Boke anausikia ukutani? Na kliniki umekwenda? Hujaandika hata neno. Jibu la takwimu halizuii mimba, mama! Watakwenda nalo Dar es Salaam wakalijumlishe na ya wenzako, wewe huku ubebe ya tano.

Siku ya kumpima mtoto uzito, mweleze nesi ulivyotokwa damu, akushauri sindano, kitanzi au vidonge. Mchukue Mama Boke, asikie mwenyewe kwamba mimba nyingine inaweza kumwachia yatima wanne. Akigoma, nenda peke yako. Mwanamume atakayeletwa, mfungie mlango. Mama Boke akikufukuza, usifungashe hata kanga. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na ustawi wa jamii kabla yeye hajafika.

Kisha kaa naye uso kwa uso, akuulize mwenyewe unataka wangapi. Mjibu kwa sauti ileile.