Kiingereza chako na mguu wa mzee wa Saltley

Shikamoo Mjomba,

Baridi ya Birmingham inang'ata hadi kwenye kucha, ila mimi mzima. Kile Kiingereza cha redio ulichotufundisha kwa rula kimeniumbua wodini! Ninamuuguza mzee mmoja wa Saltley, mtaa wa hapa mjini, mfanyakazi wa kiwandani aliyevunjika mguu. Kila asubuhi namuuliza, kwa matamshi yako yale yale, kama anaumwa. Hujiweka sawa kitandani na kunijibu kwa adabu, "Hapana, Sista, ahsante." Kumbe anakaza meno tu kuficha maumivu.

Jana nikamuuliza kwa kuvutia maneno puani, kama wasemavyo wenyeji, kama mama anayepiga deki hapa wodini. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mguu unanitesa siku ya tatu hii! Lakini ulikuwa unasema kama daktari mkuu, na wakubwa hawalalamikiwi."

Nikamwita daktari, akampa dawa, na leo mzee amelala fofofo. Mimi nimeshanogewa, hata chai naiagiza kwa sauti ya puani.

Nisalimie Bibi sana, na umwombe aifiche ile rula kabla sijarudi Tanga.

Mpwa wako mtundu,
Mwanaidi