Leo Uwanja Usifagiwe

Bibi, shikamoo. Ukirudi kutoka kliniki utakuta uwanja haujafagiwa. Uuache hivyohivyo hadi saa nane. Najua kwenu Didia ni aibu, lakini vumbi litanasa kwenye gari la bibi harusi. Mama amelipiga klia, ile rangi ya mwisho ya kung'arisha, sasa hivi, na linachukuliwa saa tisa.

Lingekuwa tayari mapema. Asubuhi ~~kuku~~ mimi nilichora masharubu kwenye boneti kwa kidole, nikidhani rangi imekauka. Mama hakufoka. Alipiga msasa taratibu, akarudia rangi, akasubiri ikauke hadi ing'ao wake ufifie, ndipo akapiga klia. Sasa najiona humo hadi chunusi. Bibi, ulizaa fundi!

Nimekwenda kuchota maji, madumu sita, hukumu ya halali.

Ufagio nimeuficha. Usiutafute.

Mjukuu wako mtiifu (kuanzia leo),
Eufrasia