Nimemdanganya Mwalimu Wangu Kuhusu Mluzi wa Amplifaya

Dada Salome, shikamoo. Nakuandikia kutoka Maganzo, naomba unisaidie kabla ya Jumapili maana nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote hapa. Mimi ni fundi redio, ufundi wote nimefundishwa na Mzee Nkwabi (jina nimelibadilisha), ambaye pia ndiye mpiga gitaa wa kwaya yetu, na sijaona mtu mwenye masikio kama yake, spika ikipasuka kwenye baa ya ng'ambo ya barabara yeye yuko kwenye kiti chake anasema, “Ile ya kushoto imechanika,” ukienda kuangalia ni kweli, na taa za amplifaya za zamani, zile za glasi zinazokuza sauti, anazipima kwa kuzigonga na penseli moja moja huku amefumba macho mpaka aipate mbovu.

Amplifaya yake ya gitaa ni ya taa hizo, imenizidi umri mara mbili. Mwezi uliopita alikwenda msibani Isaka, nikaiwasha nipige kidogo, nikasahau kuunga spika, transfoma ikaungua, nikaogopa, nikafunga nyingine niliyoitoa kwenye mashine mbovu, nyaya zake zilikuwa zimefifia rangi nikabahatisha, na tangu hapo inapiga mluzi mkali hata gitaa likichomolewa na sauti ikishushwa hadi sifuri. Mzee aliporudi akaiwasha, akainamisha kichwa, akaniuliza, “Ng'wanawane, mwanangu, unausikia huo mluzi?” Nikajibu, “Mluzi gani, Baba? Mimi sisikii kitu.” Akaizima na kuiwasha tena mara mbili, kila mara ananiuliza, kila mara nakataa. Mwisho akasema, “Basi masikio yangu yamezeeka, yanasikia visivyokuwepo.”

Sasa ameiambia kwaya anaacha kupiga, na Jumapili atanikabidhi gitaa lake mbele ya kanisa, anasema hakuna mwingine anayefaa. Sili wala silali vizuri. Je, niitengeneze kimyakimya yaishe? Na huo mluzi unatoka wapi?

Fundi, Maganzo

Salome anajibu:

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijaanza kujibu barua nilikaa miaka kumi na minane nyuma ya meza ya kutengeneza redio kule Kahama, kwa hiyo umekuja kwa mtu wako.

Nianze na jepesi. Mluzi ulioanza siku ileile ulipobadili transfoma, na unaoendelea hata sauti ikiwa sifuri, hautoki kwenye gitaa. Nyaya mbili zinazotoka kwenye transfoma kwenda kwenye taa mbili kubwa umezipishanisha. Ile sauti kidogo inayorudishwa nyuma ili kuituliza amplifaya sasa inaichochea. Zibadilishane nafasi, itanyamaza. Lakini usiiguse peke yako! Mashine hizo hubaki na umeme wa kuua hata zikishachomolewa, na mtu aliyewasha amplifaya ya taa bila spika simwamini hata kidogo.

Sasa zito. Huoni aibu? Kuunguza transfoma ni ajali ya kazi, mimi mwenyewe nimeunguza mbili. Lakini kumtazama mzee usoni mara tatu na kumwambia husikii, hilo si la ufundi. Tena ona ni mtu wa namna gani huyo uliyemfanyia hivyo: mluzi ameusikia palepale, kwa umri wake, na bado akautilia shaka mwili wake kabla ya kulitilia shaka neno lako. Mimi simjui, lakini nimesoma barua yako nikatamani na mimi ningefundishwa naye.

Eti uitengeneze kimyakimya. Thubutu! Mluzi ukikoma bila yeye kujua sababu, atadhani sasa masikio yamekufa kabisa, hata kile alichokuwa anakisikia hakisikii tena.

Nenda leo. Ukishindwa kuanza, mpe gazeti hili asome. Mwambie mluzi upo, na kwamba umeusikia tangu siku ya kwanza. Mwoneshe transfoma iliyoungua, najua umeificha mahali. Atakufokea, nawe utulie ufokewe. Akimaliza, mwombe akae yeye kwenye meza, wewe umshikie tochi, na nyaya azibadili kwa mkono wake.

Jumapili ukiitwa mbele, usilipokee gitaa hilo. Kaa kwenye benchi na waumini wengine, umsikilize anavyopiga.