Kitambaa cha Harusi ya Zina

Velikie Luki, 3 Novemba 1870

Dada Zina mpenzi,

Sisi wazima. Dunya wangu ameota gego la pili, ananing'ata kama ananidai. Kifua chako je, na hiyo baridi ya Wajerumani?

Dada, kuna jambo linanikera. Kanisani, siku ya ndoa yako, pale pa kukanyaga kitambaa wanachotandikiwa maharusi. Anayetangulia ndiye atakayetawala nyumba. Mimi na Yegor wangu tulisukumana mpaka padri akakohoa. Wewe na Platon mliambiana, "Tafadhali, tangulia wewe." Watu wanaokwenda kuishi pamoja hawapeani njia hivyo. Nijibu.

Mdogo wako, Lusha

Heidelberg, 24 Novemba

Lusha mdogo wangu,

Mbusu Dunya na jino lake. Kifua hakijambo. Mimi na Platon tuna adabu tu, basi. Yuko hapa kando yangu anakunywa chai, anakusalimu. Profesa wa hesabu amenipokea darasani, jambo ambalo kwetu chuo chochote kisingekubali. Habari za kitambaa usimwambie Baba.

Dada yako, Zina

Velikie Luki, 9 Desemba

Dada,

Hujambo? Mimi moyo haujatulia. Nilimsomea Baba salamu za chai, mengine nikayaruka. Kumbe ana barua ya Platon, ya tarehe hiyohiyo ya kwako, muhuri wa posta ni wa Vienna. Mkono gani huo unaofika kutoka Vienna mpaka kwenye kikombe chako? Baba anasema ndoa ikiwa ya uongo atakuja kukurudisha mwenyewe. Niambie kweli, walau mimi.

Lusha wako

Heidelberg, 2 Januari 1871 (kwa tarehe za huku)

Lusha, ukimaliza kusoma, choma.

Platon ameniazima jina tu. Bila baba au mume mwanamke hapati pasi ya kusafiri, na Baba alikataa. Platon yuko Vienna anasoma habari za mawe. Sikukuambia kwa sababu ukidanganya masikio yako huwa mekundu.

Dada yako

Velikie Luki, 4 Januari (kwenu ni 16)

Dada yangu,

Sisi wazima, na barua imechomwa.

Nimemwambia Baba, "Zina huandika tarehe zetu, Platon za Wajerumani. Kalenda yetu iko nyuma ya yao kwa siku kumi na mbili. Zinamtosha mtu kutoka Vienna kwenda Heidelberg kunywa chai." Akahesabu kwa vidole, akarudia. Akauliza, "Na kitambaa? Nani alitangulia?" Nikasema Zina, niliona kwa macho yangu.

Nilikuwa nimejifunga shali mpaka masikioni.

Haji tena. Soma, dada. Dunya ameanza kupanga njegere mbilimbili. Muulize Platon kama ana mdogo wake mwenye adabu, asioe haraka, amngoje Dunya.

Mdogo wako, Lusha