Mtani, Mipira Nimeiona

Wewe Lungwa, huna haya. Mvua zimekuja zimekwisha, karanga tumevuna, na wewe hata ndotoni hujakanyaga kwangu. Wenzako wakifa huwajia jamaa zao, wakaketi hata kidogo, wakasema wamefika salama. Wewe kimya. Ulipokuwa hai ulivuka kutoka gereji yako hadi jikoni kwangu kabla uji haujachemka, sasa umeota miguu ya kifalme? Haya, mbukwa. Nimekusalimu kwa Kigogo chenu nisije nikaambiwa sina adabu. Mjukuu wangu Kabula ndiye anayeandika, mimi nasema, na nimemwonya asinirembee maneno.

Nina kesi na wewe. Unaukumbuka ule mpira mfupi uliouweka kwenye pikapu yetu? Ile mipira miwili ya hita ilikuwa imechakaa, ukaiondoa, ukaunganisha maji yarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita. Nikakuuliza, "Na hita?" Ukacheka mpaka ukapaliwa na uji. "Mtani, Tabora na hita wapi na wapi? Huu ni wa muda tu. Mipira yenyewe naagiza Dar." Wa muda! Ukafa wewe, mpira ukabaki.

Basi juzi Kabula alikuwa anatoka Tura na madumu ya asali. Taa nyekundu ikawaka, mvuke ukafumuka kwenye boneti. Mtoto ana akili, akazima palepale, gari likavutwa hadi ile gereji yako mjini. Fundi mmoja, simtaji, marehemu hapelekewi umbea, akafungua boneti, akalifunga. "Bibi, silinda hedi imekwenda. Uzeni hili kama chuma chakavu." Kabula akaketi mchangani akalia. Unajua gari hilo ndilo linalotulisha. Asali haiji kwa miguu kutoka porini, na mimi si mpagazi, hata kama ulinitukana hivyo kila asubuhi.

Nikamuuliza yule fundi, "Umeminya mipira?" Akanitazama kama mbuzi aliyeona treni.

Nikaenda kuvaa ovaroli lako. Lilelile nililolivaa msibani kwako, nikachechemea kama wewe, mkono kiunoni, nikaomba nyongeza ya uji mbele ya jeneza mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Mtani asipofanya hivyo nani atafanya? Mkeo akaniachia ovaroli kabisa, pamoja na boksi moja zito lililofungwa kwa karatasi ya gundi. Boksi sikulifungua. Moyo ulikataa. Nikalifanya kizuizi cha mlango wa jikoni, upepo usiubamize.

Injini ikapoa kwanza. Ya moto haifunguliwi, kovu la mkono wako lilinifundisha. Nikapitisha vidole nyuma kabisa, kwenye ule ukuta wa mbele ya dereva, nikaminya mpira mmoja mmoja kama ulivyokuwa ukinifanyisha. Unaolia kama jani kavu, umekufa. Laini uliovimba kama kupe, umelewa mafuta, nao umekufa. Unaominyika ukarudi, uache. Wako ulikuwa kupe, mtani! Dizeli ilikuwa inaudondokea, ukavimba, ukachanika karibu na klipu. Babu zako waliwatoza babu zangu ushuru wa maji kila walipopita Ugogo na mizigo kichwani, na wewe umekufa umenimwagia yangu yote barabarani. Damu haipotei.

Kabula akakimbilia nyumbani kuchukua vitambaa. Akajikwaa kwenye boksi, likageuka. Upande wenye maandishi siku zote ulikuwa umeelekea ukutani. Akarudi nalo kifuani. "Bibi, hili limeandikwa nini?" Nikamwambia, unaniuliza mimi? Uliyepelekwa shule ni wewe. Akasoma: "Mipira ya hita ya mtani. Isiguswe."

Lungwa. Uliagiza. Kumbe uliagiza. Miezi yote hii naisukuma kwa mguu.

Ndani mlikuwa na mipira miwili, klipu nne na dumu la kulanti, yale maji ya kupozea injini. Tukaziba kwanza pale dizeli ilipokuwa inavuja, maana mpira mpya chini ya mafuta ni chakula kwa mchwa. Wa zamani hatukuung'oa kwa nguvu. Magari ya siku hizi mabomba yake ni plastiki, ukivuta unavunja. Tuliuchana kwa wembe, tukaumenya kama muhogo. Mipya tukaipima mikunjo ifuate njia ya kwenda kwenye hita, tukailowesha midomo kwa maji safi. Kabula akasukuma wa kwanza mpaka mwisho, akajipongeza, klipu, inayotangulia kuvishwa mpirani, bado iko mkononi. Nikapiga kelele gereji nzima: "Klipu kwanza!" Kelele ileile, mtani, niliyokupigia wewe miaka yote kutoka kwenye sufuria, kila ulipoisahau. Sikujua bado ninayo.

Tukajaza kulanti, tukawasha, tukafungua hita hadi mwisho ili hewa itoke. Saa saba mchana, Tabora, jua la kukaanga karanga, na sisi wawili ndani ya gari hita inatupulizia moto usoni! Yule fundi akachungulia. "Bibi, mna malaria?" Nikamwambia, "Tunaomboleza ile hedi yako." Nililowa uso mzima. Kabula anataka kuandika kwamba nililia. Andika jasho.

Mshale wa joto ukatulia katikati. Kabula ameshakwenda Nzega na kurudi, gari halijakohoa. Kwa hiyo kesi nimeifuta, umeshinda, usijivune. Nakuahidi kila mvua zikikaribia nitaiminya mipira yote kwa mkono wangu, na wa muda hautawekwa tena gari hilo nikiwa hai. Lala vizuri, Mgogo wangu.

Ila boksi sasa ni tupu, limekwisha kazi, na mlango wangu unajibamiza mchana kutwa. Ukija, ingilia jikoni, uushikilie wewe mpaka uji uive.