Funda la Mwisho la Kikombe

Nyumbani kwetu,
Chumba cha Mama, upande wa uani.
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Kile kifua kilichokuwa kikikubana wakati wa baridi kimepona? Na mtoto ameshaota meno? Nakuuliza hayo kwanza kwa sababu Mama naye huanza nayo kila asubuhi, kabla sijamuuliza yeye ameamkaje. Sisi huku tunapumua, na mwenye pumzi hana budi kumshukuru Mungu.

Mdogo wangu, sitakuficha. Tangu kiharusi kimshike Mama, koo lake limekuwa zito. Uji anautema. Maji matupu yanampalia hadi machozi yanamtoka. Amekonda, pete yake nimeizungushia uzi isimdondoke kidoleni. Muuguzi anayepita kumtazama aliniita nje ya mlango, akaniambia, "Mama Mapacha, huyu asipopata kitu cha kushuka tumboni, ataondoka kwa njaa kabla ya ugonjwa."

Ndipo nikaikumbuka ile mashine ya kusagia matunda uliyotutumia. Ilikuwa kabatini bado, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi, maana Mama hakutaka iguswe isije ikachakaa.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilitia embe, ndizi na pasheni vyote kwa pamoja, nikaiacha ingurume mpaka majirani wakachungulia. Kumbe mbegu za pasheni hazisagwi! Zilivunjika, kinywaji kikawa kichungu tena chenye mchanga. Mama akaonja, akanitazama kwa lile jicho lake unalolijua.

"Wewe fundi cherehani," akasema polepole, "umenisagia vifungo?"

Nilicheka huku nalia. Sikuwa nimemsikia akitania tangu augue.

Sasa nimejua. Pasheni naisugua kwa kijiko juu ya chujio, mbegu zibaki huko huko. Embe liwe limeiva hadi linukie chumba kizima, na lisiwe la nyuzi, maana uzi mmoja ukimkwama ni balaa. Ndizi ndiyo inayokipa kinywaji uzito, kiteremke taratibu kisimpalie. Maji ni ya kuchemsha yaliyopoa, kidogo tu. Sukari sitii, embe lina yake. Namkalisha wima, mito mgongoni, tunaomba, kisha namnywesha kwa kijiko. Kinashuka, Kitinda. Kinashuka!

Ila hamalizi. Kila siku, kikibaki kiasi cha funda moja, anafumba mdomo na kukisukuma kikombe. Nilidhani ameshiba. Juzi nikamsihi, "Mama, malizia, ya chini ndiyo mazito, ndiyo yenye nguvu."

"Hilo la Kitinda," akasema. "Mwenye kusaga ndiye mwenye funda la mwisho."

Unakumbuka? Ulipokuwa mdogo ukimpondea matunda kwa mwiko kwenye lile bakuli la bati, hakumaliza kikombe hata siku moja. Ya chini yalikuwa ujira wako, nasi wengine tulikuwa tunameza mate.

Nikamwambia, "Lakini Mama, anayesaga sasa ni mimi."

Akajibu, "Kwa mashine ya nani?"

Mwili umelegea, lakini kwa hoja humwezi.

Basi kikombe chenye funda lako hukaa dirishani hadi jioni, nimekifunika kisahani. Hakubali nikimwage akiona. Muuguzi ananiambia kila funda linalobaki ni nguvu inayobaki nje ya mwili wake.

Simu haitusaidii. Sikio limekuwa zito, halafu anasema sauti ya ndani ya simu ni ya redio, si yako. Lakini mwandiko wako anaujua, ule unaolala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Barua zako zote ziko chini ya mto wake.

Sikuiti uje. Najua kazi uliyo nayo na shida ya kupata ruhusa. Hilo namwachia Mungu, ambaye hajawahi kulala usingizi akatusahau.

Shangazi Kicheko anakusalimu. Siku hizi anakuja kushika kikombe mimi nikiwa na nguo za wateja. Mjomba seremala amemtengenezea Mama egemeo la mgongo, naye anakusalimu pia. Mapacha wanamsalimu mtoto wako. Msalimie sana shemeji. Mungu awafunike kwa mkono wake, mtokapo na mrudipo.

Ninakuomba jambo moja tu. Chukua karatasi, uandike kwa mkono wako, herufi kubwa, umwambie Mama amalize kikombe. Umwambie funda lako umempa yeye. Nijibu upesi, mdogo wangu.

Wako akupendaye,
Dada yako, Mama Mapacha